SOMO LA HUDUMA: Kuchagua mipira ya breki unapoongeza diski ya pili mbele ya pikipiki

Mwezi uliopita nilipanda bodaboda kutoka makao makuu ya Halmashauri kwenda kupiga picha za jengo jipya la zahanati katika mojawapo ya kata zetu za ukanda wa juu. Kijana aliyenibeba alikuwa mwangalifu. Alikuwa na kofia ngumu mbili, yake na ya abiria, na pikipiki yake ilikuwa safi kuliko magari mengi ya ofisi. Tukiwa njiani alinieleza kwa fahari kwamba ameongeza diski ya pili kwenye gurudumu la mbele, ili gari likimkatia njia aweze kusimama papo hapo. Kweli diski zilikuwa mbili, moja kila upande, zikimetameta juani.

Tulipoanza kuteremka kuelekea mtoni, niliona mkono wa breki umekwenda moja kwa moja mpaka ukagusa usukani. Akauachia, akaubana tena, ukagusa tena. "Dada, nishike sana, breki imekwenda," akasema kwa sauti ya chini. Akashusha gia, akakanyaga breki ya nyuma, kisha akaielekeza pikipiki kwenye ukingo wa udongo kando ya barabara. Tuliangukia kwenye mabingobingo. Mimi nilichubuka kiwiko, yeye aliumia goti, na kamera ya Halmashauri ilipona.

Tuliikokota pikipiki hadi gereji iliyo jirani na soko. Fundi, mzee aliyeanza kazi hiyo enzi za pikipiki za mabati mazito, hakuzigusa diski wala pedi. Alipitisha kidole kwenye mpira mweusi uliotoka kwenye masta silinda kwenda kwenye kalipa ya pili, na kidole kikarudi kimelowa. Ulikuwa mpira wa petroli, ule unaouzwa kwa mita, umeunganishwa kwa klipu mbili za kukaza kwa bisibisi. "Mwanangu," alimwambia kijana, "diski umenunua mbili, lakini breki huna hata moja."

Kutokana na safari hiyo, ukurasa huu ambao kwa kawaida hueleza huduma za maji, afya na vibali, mara hii unazungumzia mpira wa breki. Mwandishi si fundi. Nimesomea mawasiliano ya umma. Yaliyomo humu niliyauliza kwa mafundi wa gereji tatu za wilaya yetu, nikayalinganisha na vitabu vya matengenezo vya viwanda vya pikipiki, na pale walipotofautiana nimefuata vitabu.

Je, diski ya pili inahitajika?

Swali hili huulizwa mwisho, ilhali lilistahili kuulizwa kwanza. Pikipiki ya Honda CB750, iliyoingia sokoni mwaka 1969 ikiwa na injini ya sentimita za ujazo 736, ilisimamishwa mbele kwa diski moja tu. Bodaboda nyingi za kwetu zina injini ya sentimita za ujazo 100 hadi 150. Diski moja iliyo kamili, yenye pedi nzuri, mpira imara na mafuta safi, inaitosha pikipiki hiyo na abiria wake. Aidha, kwenye changarawe na tope, kinachoisimamisha pikipiki hatimaye ni mshiko wa tairi ardhini. Tairi lililoisha meno litaserereka hata likifungwa diski tano.

Maoni yangu, ambayo mafundi wawili kati ya watatu waliyaunga mkono, ni kwamba mwenye pikipiki ndogo afadhali aikamilishe breki aliyonayo. Diski ya pili ina maana kwenye pikipiki kubwa zaidi zinazobeba mizigo mizito katika miteremko mirefu, hasa pale ambapo kiwanda chenyewe kimetoa toleo la diski mbili na mtu akapata vipuri vya toleo hilo: shokapu, habu, kalipa na masta silinda. Mguu wa pili wa shokapu lazima uwe na masikio ya kufungia kalipa yaliyotoka nao kiwandani. Sikio lililochomelewa baadaye juu ya aluminiamu ni la kukataliwa bila mjadala. Aliyekosa hayo aishie hapa, asinunue mpira wowote.

Vikundi vya vijana vilivyonunua pikipiki kwa mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri, ile ambayo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, vina jambo moja zaidi la kuzingatia. Pikipiki ni mali ya kikundi. Mwanachama mmoja asiibadilishe breki kwa uamuzi wake peke yake. Jambo hilo lijadiliwe kikaoni, liandikwe kwenye muhtasari, na Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata aarifiwe. Ni busara pia kuiarifu kampuni ya bima, kwani baada ya ajali swali la kwanza huwa ni nani aliyebadilisha nini.

Mpira hubeba nini

Breki ya diski hufanya kazi kwa kanuni iliyoelezwa na mwanazuoni Mfaransa Blaise Pascal, aliyeishi kati ya 1623 na 1662: shinikizo likiingizwa kwenye kimiminika kilichofungiwa, huenea sawasawa pande zote. Mkono unapobana, pistoni ndogo ya masta silinda husukuma mafuta, mafuta hupita kwenye mpira, na pistoni za kalipa hubana pedi kwenye diski.

Tufanye hesabu moja, kwa sababu ndiyo iliyonifungua macho. Tuchukulie dereva anabana kwa nguvu inayolingana na kuinua ndoo ya lita 10. Mkono wa breki, kwa jinsi ulivyotengenezwa, huizidisha nguvu hiyo mara 6 hivi. Ikiwa pistoni ya masta silinda ina kipenyo cha milimita 12.7, yaani nusu inchi, shinikizo ndani ya mpira litafika karibu paundi 690 kwa inchi ya mraba. Wajaza upepo wetu hujaza tairi la pikipiki paundi 30 hivi. Mpira wa breki basi hubeba zaidi ya mara 20 ya upepo wa tairi, na hapo dereva hajashtuka. Mtoto akikatiza barabara ghafla, mkono hubana mara mbili ya hapo.

Kwa sababu hiyo kanuni ya Marekani ya mipira ya breki, namba 106, hutaka mpira mwembamba wenye tundu la milimita 3 ustahimili paundi 4,000 kwa dakika 2 bila kupasuka, na usipasuke kabla ya paundi 7,000. Mpira wa petroli umetengenezwa kwa ajili ya mafuta yanayoshuka yenyewe kutoka kwenye tangi, na klipu ya kukaza kwa bisibisi ni ya kuzuia matone. Tena kuna kosa la pili lisiloonekana kwa macho. Raba inayovumilia petroli huvimba na kulegea ikikutana na mafuta ya breki, na raba inayovumilia mafuta ya breki huharibiwa na petroli na oili. Mpira wa kijana yule ulikuwa umelainika kama utumbo. Hata klipu zisingefyatuka, siku zake zilikuwa zinahesabika.

Jambo linalofuata ni ujazo. Kalipa mbili hudai mafuta mara mbili ya kalipa moja. Masta silinda iliyotengenezwa kwa diski moja itayatoa, lakini mkono wa breki utasafiri karibu mara mbili, na mara nyingi utagota kwenye usukani kabla breki haijashika. Pikipiki nyingi zilizotoka kiwandani na diski mbili zina pistoni ya milimita 14, au ya milimita 15.9, yaani inchi 5/8. Ukitoka nusu inchi kwenda inchi 5/8, kila msukumo hutoa mafuta mara 1.56 ya awali. Mkono utakuwa mgumu kidogo, na kwa nguvu ileile ya vidole breki itaongezeka kwa zaidi kidogo ya robo. Haitakuwa mara mbili kama wengi wanavyodhani. Hapo ndipo ubora wa mpira unapoingia, kwa kuwa mpira unaotanuka unapobanwa hula sehemu ya safari ya mkono, na sasa mipira ni miwili. Mpira dhaifu uliovumilika kwenye diski moja hauvumiliki tena kwenye mbili.

Njia tatu za kupitisha mipira

Mafundi hupitisha mipira kwa njia tatu. Ya kwanza ni mipira miwili mirefu inayotoka kwenye masta silinda, kila mmoja ukienda kwenye kalipa yake. Ya pili ni mpira mmoja unaoshuka hadi kwenye kigawanyio kilichofungwa chini ya usukani, kati ya shokapu mbili, na kutoka hapo mifupi miwili hushuka kwenye kalipa. Ya tatu ni mpira mmoja kwenda kwenye kalipa ya kwanza, kisha mwingine mfupi kutoka kalipa hiyo kuvuka juu ya madigadi hadi kalipa ya pili.

Njia ya kigawanyio hutumiwa na viwanda vingi na ni nzuri ikiwa kipuri chake ni cha asili. Kwa fundi wa mtaani ina kasoro moja kubwa: maungio ni mengi. Kuna la masta silinda, matatu kwenye kigawanyio na mawili kwenye kalipa, na kila ungio ni mahali ambapo mafuta yanaweza kuvuja. Kigawanyio nacho lazima kifungwe kwa bolti kwenye chuma. Nimeonyeshwa kimoja kilichoning'inizwa kwa waya wa kufungia nondo.

Njia ya kuvuka madigadi ina maungio matatu tu na mpira mchache, na kwa pikipiki za mbio yaweza kufaa. Barabara zetu ni nyingine. Tope hujaa chini ya madigadi, mawe hurushwa, na madigadi ya plastiki hutikisika hadi kuusugua mpira uliolala juu yake. Isitoshe, mpira unaopanda na kushuka huacha mgongo katikati, na hewa hupenda kujificha mgongoni hapo wakati wa kutoa upepo. Pikipiki zenye madigadi yaliyoinuliwa juu mbali na tairi zisitumie njia hii kabisa, kwani mpira utabaki hewani karibu na tairi bila cha kuushikilia.

Kwa wilaya yetu napendekeza njia ya kwanza. Gharama yake ni kubwa kidogo kwa sababu mipira yote miwili ni mirefu, lakini maungio ni matatu tu, hakuna kinachovuka juu ya tairi, na mkaguzi au abiria anaweza kuifuata kwa macho tangu juu hadi chini. Kwenye masta silinda huwekwa bolti ndefu ya tundu inayoshika macho mawili ya mipira kwa pamoja.

Kupima kabla ya kununua

Kosa la kawaida ni kununua mpira kwa jina la pikipiki. Muuzaji husema "huu unaingia", na kweli unaingia, kwa kuwa macho ya mipira mingi hufanana. Urefu ndio usiofanana. Mtu aliyebadilisha usukani, shokapu au masta silinda hana tena pikipiki ya kwenye katalogi, kwa hiyo apime mwenyewe, na apime baada ya vipuri vingine vyote kufungwa mahali pake.

Kipimo chake hakihitaji kifaa cha gharama. Chukua kipande cha waya wa umeme uliofunikwa plastiki, au kamba nene ya kuanikia nguo, inayopinda kama mpira unavyopinda. Inua pikipiki mpaka gurudumu la mbele lining'inie na shokapu zinyooke hadi mwisho wake. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kupima pikipiki ikiwa imekaa chini, ilhali ikiruka tuta au ikitoka shimoni shokapu hurefuka na mpira huvutwa. Shikiza kamba kwenye tundu la bolti ya masta silinda, ipitishe njia utakayoipitisha mpira, hadi kwenye tundu la bolti ya kalipa. Kisha geuza usukani kushoto mpaka mwisho, halafu kulia mpaka mwisho. Kamba isikazike mahali popote. Urefu wa mpira hupimwa kutoka katikati ya jicho moja hadi katikati ya jicho la pili, na mipira miwili inaweza kutofautiana, kwa sababu masta silinda iko upande wa kulia na mpira wa kushoto una safari ndefu zaidi.

Ukimaliza, shusha pikipiki, mwambie mtu mzito akae mbele na kuikandamiza, uone kamba iliyolegea inaelekea wapi. Isiguse tairi, sipoki, wala bomba la moshi. Ziada ya sentimita 2 au 3 inatosha. Mpira mrefu kupita kiasi una hatari yake, kwani tumbo lake hutafuta sipoki.

Tazama pia pembe ya jicho. Yapo yaliyonyooka, yapo yaliyopinda kidogo, yapo yaliyopinda kwa nyuzi 90. Jicho lisilo na pembe sahihi humlazimisha fundi kuusokota mpira ili uingie, na mpira uliosokotwa hujisokotoa wenyewe barabarani na kulegeza bolti. Mipira mingi ya raba iliyotengenezwa kwa kanuni ina mistari miwili iliyochorwa kwa urefu wake, pande mbili zinazotazamana. Watu wengi huidhani kuwa urembo. Ukiona mstari unauzunguka mpira badala ya kushuka wima, mpira huo umesokotwa, ufunguliwe na kufungwa upya.

Raba au waya wa chuma

Madukani kuna aina mbili. Ya kwanza ni raba iliyoimarishwa kwa nyuzi za kitambaa ndani yake. Ya pili ina bomba jembamba la plastiki ngumu ya tefloni, juu yake kumesukwa waya wa chuma kisichoshika kutu, na juu kabisa, kwa zile zilizo bora, kuna ngozi ya plastiki.

Mpira wa waya hutanuka kidogo sana, hivyo mkono wa breki huwa imara na dereva huhisi vizuri anachokifanya. Kwa breki ya diski mbili sifa hiyo ni kubwa. Lakini waya uliosukwa ni msumeno. Ukigusa tangi, hula rangi. Ukigusa nyaya za taa, hula plastiki yake. Na vumbi la kwetu likiingia kati ya waya na tefloni, husaga polepole kutoka ndani. Kwa hiyo usio na ngozi ya plastiki usinunuliwe kwa matumizi ya barabara za vumbi, hata ukipendeza namna gani. Tefloni nayo ikikunjwa mara moja hubaki na kovu, na kovu hilo halionekani kwa nje. Ukiona mpira wa waya wenye kona kali, hata ukiwa mpya, urudishe.

Raba ni nafuu, huvumilia kutikiswa, na makosa yake huonekana: huchanika juujuu, huvimba, hutoa jasho kwenye shingo ya jicho. Ubaya wake ni uzee. Vitabu vingi vya pikipiki za Yamaha na Suzuki huelekeza mpira wa breki ubadilishwe kila baada ya miaka 4, hata kama hauna dosari. Raba iliyozeeka inaweza pia kuvimba kwa ndani na kuziba, ambapo breki hushika lakini haiachii, na diski ikachemka. Mpira uliotolewa kwenye pikipiki iliyokufa usifungwe kwenye pikipiki hai, ingawa najua unauzwa na najua bei yake.

Kati ya hizo mbili, mpira mpya wa raba wenye maandishi kamili ni bora kuliko wa waya usiojulikana ulikotoka. Tafuta maandishi kwenye mwili wa mpira: jina au alama ya mtengenezaji, mwezi na mwaka wa kutengenezwa, na kipenyo cha tundu. Penye herufi HR maana yake mpira hutanuka kwa kiwango cha kawaida. Penye HL, hutanuka kidogo, nao ndio wa kutafuta kwa diski mbili. Mpira usio na andiko lolote ni wa kuuacha dukani. Daima dai risiti.

Na mpira haukatwi. Haukatwi ukaungwa, haufupishwi, haubanwi jicho jipya kwa koleo la gereji. Ukitaka urefu usiopatikana dukani, uagizwe ulio tayari, umebanwa kwa mashine na kupimwa kwa shinikizo.

Bolti, washa na mafuta

Bolti inayoshika mpira ina tundu katikati la kupitisha mafuta. Kipenyo chake kwa kawaida ni milimita 10, lakini hesi zake ni za aina mbili: zilizo nyingi kwenye breki za Kijapani zina nafasi ya milimita 1.25 kati ya hesi na hesi, na nyingine, zikiwemo za Brembo, milimita 1.0. Mtu anayechanganya kalipa ya asili moja na masta silinda ya nyingine, kama wafanyavyo wengi wanaoongeza diski, atajikuta na bolti mbili zinazofanana sura na zisizofanana hesi. Bolti sahihi huingia kwa vidole mpaka karibu na mwisho. Inayohitaji spana baada ya mizunguko miwili si yake, na kuilazimisha ni kuiua kalipa.

Kila jicho hukaa kati ya washa mbili za shaba au aluminiamu, na bolti ndefu yenye macho mawili hudai washa tatu. Kwa njia ya kwanza niliyoipendekeza hesabu yake ni washa 7. Zote ziwe mpya, kwa sababu washa huziba kwa kujibana mara moja tu. Utepe wa mabomba ya maji na gundi ya silikoni havina kazi hapa. Vikimeguka huziba vitundu vidogo vya masta silinda. Kukaza kufuate kitabu cha pikipiki husika. Vingi hutaja kati ya Nm 25 na 35, na fundi mwenye spana ya kipimo ni wa kumshika.

Mafuta yawe yale yaliyoandikwa kwenye kifuniko cha masta silinda, mara nyingi DOT 4. DOT 4 ikiwa mpya haichemki kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini hunyonya unyevu wa hewa kadiri siku zinavyopita, na ikishanyonya, kiwango chake cha chini hushuka hadi nyuzi 155. Kwenye mteremko mrefu, mafuta yenye maji huchemka ndani ya kalipa, hutoa mvuke, na mkono wa breki hugeuka sifongo. Nunua chupa ndogo iliyofungwa. Iliyobaki wazi rafuni tangu msimu wa mvua uliopita imwagwe mahali salama. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi na DOT 3 wala DOT 4, ingawa DOT 5.1, licha ya jina lake, ni jamii moja nazo. Oili ya injini na maji ya sabuni, ambavyo nimeambiwa huwekwa na baadhi ya watu pale mafuta yanapokosekana, havifai kabisa, na oili huharibu raba za breki ndani ya muda mfupi.

Baada ya kutoa upepo kwenye kalipa zote mbili, bana mkono wa breki kwa nguvu zote na uushikilie kwa dakika nzima. Ukizama taratibu, kuna mahali panapovuja. Futa kila ungio kwa karatasi kavu na uitazame karatasi. Kisha endesha kwa mwendo wa mtu atembeaye, uwanjani, bila abiria, na baada ya siku chache rudi kwa fundi akague bolti zote tena. Pedi mpya nazo hudai kuzoea diski kwa kusimama polepole mara kadhaa kabla ya kutegemewa.

Abiria naye anayo nafasi yake. Kabla ya kupanda, tazama mpira unaoshuka kutoka kwenye usukani hadi gurudumu la mbele. Ukiona klipu ya bisibisi, utepe mweusi uliozungushwa, au unyevu kwenye ungio, una haki ya kuita pikipiki nyingine. Mama mjamzito anayewahi kliniki na mwanafunzi anayewahi namba hawapaswi kuwa wapimaji wa kwanza wa breki hiyo.

Kijana aliyenibeba nilimkuta tena wiki mbili baadaye katika gereji ileile. Pikipiki ilikuwa imeinuliwa juu ya kreti mbili za soda, gurudumu likining'inia, naye ameshika kamba ya kuanikia nguo ya mama yake, akigeuza usukani kushoto na kulia chini ya macho ya mzee. Masta silinda ilikuwa imebadilishwa. Mpira alioununua asubuhi ile, ambao muuzaji alimhakikishia kuwa unaingia pikipiki zote, ulipungua vidole vinne. Aliurudisha dukani siku hiyohiyo, ukiwa bado kwenye mfuko wake, pamoja na risiti.